Kipa wa Pointi Moja

Mwanamke aliyenisajili kucheza hoki ya barafuni alikuwa amelala chali kwenye kiti cha daktari wa meno, nusu ya mdomo wake imekufa ganzi, nami nimeshika mrija wa kunyonya mate. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kliniki yetu hapa Al Sadd hujaa watu walioumia wakati wa mapumziko. Kwa kawaida ni watoto walioanguka kwenye bwawa la kuogelea. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkanada, na jino lake la mbele lilikuwa limevunjwa na kisahani cha mpira mgumu kilichorushwa na mtu wa timu yake mwenyewe.

Tulipokuwa tunasubiri ganzi ikolee, daktari alitoka kupokea simu. Mwalimu akaanza kunieleza shida zake. Jino wala halikuwa mojawapo. Shida ilikuwa kwamba ligi ilikuwa inakaribia kuanza na timu yake haikuwa na golikipa. Rafiki yake aliyekuwa amekubali kusimama golini alikuwa amehamishiwa Singapore kikazi. Nikamuuliza kwa nini asitafute kipa mwingine, maana Doha ina watu wa kila aina. Akainua kidole kimoja.

Nilidhani anaomba maji. Kumbe alikuwa anasema pointi. Alikuwa amebakiwa na pointi moja.

Akanieleza, maneno yakimporomoka upande mmoja wa mdomo. Katika ligi yao kila mchezaji hupewa bei, kuanzia moja hadi kumi, kulingana na uwezo wake. Pesa haimo kabisa. Ni pointi tu, lakini kila timu ina kima cha juu: jumla ya bei za wachezaji wake isizidi sitini. Yeye alikuwa amemaliza hamsini na tisa kwa wachezaji wengine. Sasa alihitaji kipa wa pointi moja, na pointi moja ni bei ya mtu asiyejua lolote.

Sijui nilipatwa na nini. Nilimwambia kwamba shuleni nilikuwa kipa wa handiboli.

Aligeuza kichwa hadi mrija ukamtoka mdomoni. Akaniuliza kama najua kuteleza. Nikamwambia najua kwa viatu vya magurudumu, kwa sababu nilipokuwa chuoni Nairobi Jumapili tulikuwa tunateleza kwenye maegesho ya magari. Na barafu je? Nikasema barafu nimeiona ndani ya friji. Alicheka vibaya sana, maana mtu mwenye ganzi hana habari na midomo yake, na daktari aliporudi alitukuta mgonjwa ana machozi na muuguzi anamfuta kidevu.

Ijumaa iliyofuata asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, nilikwenda kwenye uwanja wa barafu ulioko ndani ya jumba la maduka, kusaini mkataba.

Nilifikiri ni utani, ila sikuwa nimemjua bado mzee wa mikataba. Naye alikuwa Mkanada, mtu wa zaidi ya miaka sabini, mrefu aliyepinda kidogo mabega. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya timu moja ya hoki ya kulipwa huko kwao. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mishahara ya wachezaji haivuki kima cha juu. Alipostaafu, binti yake anayefanya kazi West Bay alimleta aishi naye. Akakaa ndani akitazama minara hadi akachoka, kisha siku moja akasikia mlio wa magongo ndani ya jumba la maduka, akaufuata. Aliwakuta watu wakicheza bila utaratibu. Timu moja ilikuwa imekusanya wachezaji wote wazuri na inashinda kila wiki, na wengine walikuwa wameanza kukata tamaa na kubaki nyumbani. Yeye ndiye aliyewaletea bei, kima cha juu na mikataba.

Tuliketi kwenye meza ya mkahawa ulio kando ya uwanja. Alinisomea mkataba wangu kifungu kwa kifungu, mimi mchezaji wa pointi moja, kana kwamba mamilioni yako njiani. Kila alipomaliza kifungu aliniuliza kama nimeelewa, kisha akangoja jibu. Nilikumbuka mkataba ulionileta Qatar. Niliusaini Nairobi katika ofisi ya wakala, nimesimama, begi liko miguuni, nikifungua kurasa pale kidole cha mtu kilipoelekeza. Ulikuja kuwa mkataba mzuri, namshukuru Mungu, lakini hilo nilikuja kulijua baada ya kufika. Huu wa hoki ndio mkataba wa kwanza maishani mwangu niliosaini nikijua kila kilichomo.

Nilimuuliza mambo mengi, naye akafurahi, kwa sababu nadhani hakukuwa na mtu aliyekuwa akimuuliza tena. Alinieleza kwamba katika ligi kubwa ya kwao kima cha juu hupangwa kwa kuangalia mapato ya ligi nzima, na ni kilekile kwa wote. Timu ya mji tajiri haiwezi kukivuka eti kwa sababu mwenyewe ana pesa. Na kipo kima cha chini pia, ili tajiri bahili asijaze timu watu wa bei rahisi na kutia faida mfukoni. Kijana aliyesaini kwa mshahara mdogo huhesabiwa kwa mshahara huohuo hadi mkataba wake uishe, hata kama amegeuka kuwa nyota. Na nyota aliyesaini miaka mingi huhesabiwa kwa bei ya nyota hata magoti yake yakishachoka. "Ndiyo maana nilikuwa silali vizuri," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeikumbuka kazi yake kwa mapenzi.

Mwishoni akaniambia kwamba kila mchezaji anaruhusiwa kuomba kifungu kimoja chake mwenyewe. Nahodha wa timu ya mabingwa, mtu wa benki, alikuwa ameomba asipangwe kuingia barafuni zamu moja na shemeji yake. Mimi nilifikiri kidogo. Kanisa letu husali Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko hapa, na liko nje ya mji. Nikaomba kwamba mechi ikiisha timu inipeleke kanisani, nisichelewe ibada. Mzee aliandika kifungu hicho kwa mwandiko wake mzuri, akakisoma kwa sauti, na Mwalimu, jino jipya likimetameta, akasaini kama nahodha.

Mechi ya kwanza nilifungwa mabao kumi na moja.

Pedi za miguuni zilikuwa kama magodoro mawili, nyingine zilinijaa kifuani na mabegani, na helmeti ilikuwa na wavu usoni. Kusimama tu ilikuwa kazi. Kisahani kikija kulia nilianguka kulia, kikija kushoto nilianguka kulia vilevile, kwa sababu ndiko mguu ulikozoea kwenda. Lakini nilikuwa nacheka mle ndani ya helmeti. Sikuwa nimecheka namna ile tangu nije huku. Kila bao Mwalimu alipita golini na kunigonga pedi kwa gongo lake, akaniambia bado thamani yangu ni zaidi ya pointi moja.

Baada ya mechi alinipeleka kanisani kama mkataba ulivyotaka. Gari lilikuwa limejaa harufu ya jasho na pedi mbichi. Nilibadilisha nguo chooni, nikaimba kwaya nywele zimelala upande mmoja.

Nilipofika nyumbani na begi la vifaa, mwenzangu ninayeishi naye alilitazama likipita mlangoni kwa shida. Yeye ni muuguzi pia, wa hospitali, mtoto wa Mombasa. Tumekaa naye nyumba moja Al Sadd tangu nifike.

"Shoga," aliniuliza, "umekwenda kucheza au unahama nyumba?"

Nilimvalisha vitu vyote pale sebuleni. Akajitazama kwenye kioo, kanga kiunoni na pedi kifuani, akasema anafanana na friji iliyofungwa tayari kwa kusafirishwa. Ijumaa iliyofuata alikuwa amekaa kwenye viti vya watazamaji, amevaa koti la baridi juu ya buibui, chupa ya chai mkononi. Hakukosa mechi tena isipokuwa siku za zamu.

Aliyenifundisha kuteleza hakuwa wa timu yangu. Alikuwa Mfilipino anayefanya kazi palepale uwanjani. Yeye ndiye anayeendesha ile mashine kubwa inayopita juu ya barafu na kuilainisha kila baada ya mchezo. Alikuwa pia nahodha wa timu iliyoshika mkia. Wachezaji wake walikuwa watu wa zamu, wapishi wa hoteli, vinyozi, wahudumu, na wengi walijifunzia kucheza hapahapa Doha. Walikuwa wakifungwa kila wiki, halafu wanapiga picha ya pamoja kana kwamba wamechukua kombe. Aliniona ninavyohangaika, na mechi zilipoisha, kabla hajatoa mashine yake, alikuwa ananipa muda. Alinifundisha kukunja magoti, kusukuma kwa ukingo wa kiatu, kwenda upande bila kuinua mguu. "Usitazame miguu," aliniambia kila mara. "Miguu haiendi popote bila wewe." Nilipomuuliza kwa nini anamfundisha kipa wa wapinzani, alionekana kama hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo.

Siku moja, sijui ilikuwa mechi ya ngapi, mwili wangu ulikumbuka handiboli. Mshambuliaji alikuja peke yake, nami badala ya kumngoja kwenye mstari nilimwendea, nikatanua mikono na mguu mmoja kama mwalimu wetu wa michezo alivyotufundisha, kwenye uwanja wa vumbi magharibi mwa Kenya. Kipa akisogea karibu, goli linakuwa dogo machoni pa mpigaji. Kisahani kilinigonga begani kikaruka juu. Niligundua kwamba katika ligi yetu, ambayo si ya watu wa kulipwa, kisahani kinakuja polepole kuliko mpira uliorushwa na msichana wa kidato cha nne aliyekasirika. Kuanzia siku ile nilianza kuzuia. Mabao kumi na moja yakawa sita, sita yakawa matatu, na kuna Ijumaa moja sikufungwa kabisa, mwenzangu akamwaga chai yake yote kwa kuruka.

Tukaanza kupanda. Na tulipopanda, malalamiko yakaanza.

Nahodha wa mabingwa, yule mtu wa benki, aliitisha mkutano kwenye mkahawa. Alisema kwa adabu, maana ni mtu wa adabu, kwamba kipa anayezuia namna hii kwa pointi moja ni sawa na kuivuka sitini kwa mlango wa nyuma. Alitaka nipewe bei mpya mara moja. Wengine waliitikia kwa vichwa. Mwalimu alitaka kusema, mzee wa mikataba akamwomba angoje.

"Huyu alikuwepo kwa kila mtu," alisema mzee. "Kliniki yake iko wazi wiki nzima. Aliyemwona akamsajili ni mmoja. Bei yake ni moja hadi msimu uishe, kwa sababu tuliandika hivyo na tukasaini. Mkataba ukibadilika kila mtu anapocheza vizuri, basi si mkataba tena."

Mtu wa benki alifikiri, kisha akasema ni kweli, katika benki pia wangesema vivyo hivyo. Akaninunulia kahawa. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikisikia watu wazima, wenye magari na vyeo, wakibishana juu ya thamani yangu na kuiona kubwa mno. Niliinamisha uso kwenye kikombe wasinione ninavyotabasamu.

Tulifika fainali tukafungwa na mabingwa kwa bao moja. Mwenzangu alilia kuliko mimi. Mimi nilipiga picha na kila mtu, hata na walionifunga.

Wiki iliyofuata mzee wa mikataba alinipigia simu. Msimu ulikuwa umeisha, wachezaji wote wamepangiwa bei upya, na mikataba ya mwaka mmoja, kama wangu, imekwisha. Nilikuwa mchezaji huru, naweza kusaini popote kabla dirisha la usajili halijafungwa. Nikamuuliza bei yangu. Aliniambia ni saba.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Kisha nikampigia mama, Kakamega. "Mama," nilimwambia, "nimekuwa saba."

Aliniuliza saba nini, dola au riyali. Nikamweleza kwamba hakuna pesa, ni pointi tu, lakini timu zote zinanitaka. "Wanakutaka bure, na bado wanagombana?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Basi mwanangu, hao wanakupenda," alisema, na nikamsikia akiwaita watu wa jikoni waje wasikie.

Wiki ile ilikuwa ya ajabu. Mtu wa benki aliandikisha miadi ya kusafishwa meno, ambayo yalikuwa safi, akalala kwenye kiti na kuniahidi pedi mpya na gari lenye dereva la kunipeleka kanisani kila Ijumaa, mdomo ukiwa wazi na mrija ndani. Baada yake walikuja wengine wawili. Daktari wangu, ambaye hakuwa na habari ya hoki, alisema hajawahi kuona mji wenye watu wanaojali meno namna hii.

Mwalimu hakuja kliniki. Alikuja nyumbani jioni moja na keki ya ndizi aliyooka mwenyewe. Alikuwa amepiga hesabu. Wachezaji wake wengine walikuwa bado hamsini na tisa, na mimi na saba yangu tungefika sitini na sita. Ili nibaki, ilimbidi amwachie mchezaji wa pointi sita, na alikuwa tayari. Nilimjua mtu huyo. Alikuwa beki mpole, na watoto wake wawili walikuwa wakipiga kioo cha uwanja kila alipogusa kisahani. Nilimwambia Mwalimu anipe siku mbili. Hakunisukuma. Tulikula keki, tukazungumza habari za wanafunzi wake.

Kesho yake nilikwenda uwanjani saa za umma, wakati watoto wanateleza wakishikilia vile vidude vya umbo la pengwini wasianguke. Mzee wa mikataba alikuwa mezani pake kama kawaida. Nilimuuliza timu zingine zimesimamaje, kwa udadisi tu. Alitaja moja moja, kisha akafika kwenye timu ya dereva wa mashine na akavua miwani. Wachezaji wake wawili wazuri walikuwa wamemaliza mikataba yao ya kazi na kurudi Manila. Timu ilikuwa imebaki na pointi thelathini na tatu. Kima cha chini cha ligi yetu ni arobaini. Ikifika mwisho wa usajili haijagusa arobaini, kwa sheria aliyoiandika yeye mwenyewe, itavunjwa na wachezaji wagawanywe kwa timu nyingine.

Nikauliza kama haiwezekani kuilegeza. Alisema ameifikiria usiku na mchana, lakini kima cha chini kinawalinda wachezaji, na akikilegeza kwa anaowapenda, mwakani atatakiwa akilegeze kwa asiowapenda.

Dereva alikuwa anamaliza mzunguko wake. Aliposhuka nilimfuata hadi kwenye mlango wa mashine, nikamuuliza kwa nini hakuja kuniomba, maana timu zote zimekuja.

"Tulizungumza," alisema, akifuta mikono. "Tuliona aibu. Una nafasi ya kwenda kwa mabingwa. Kukuita kwetu ni kama kumwita mtu kutoka harusini aje asaidie kuosha sufuria."

"Mimi nimeosha sufuria za harusi nyingi," nilimwambia. "Ndiko kwenye vicheko."

Sitasema nilifanya hivyo kwa wema. Nilitaka kwenda. Nilipofikiria kusimama nyuma ya mabingwa, ambao kisahani kinafika golini kwao mara chache, nilijiona nikipata baridi. Nilipofikiria kusimama nyuma ya wale vinyozi na wapishi, na visahani vinakuja kama mvua, mikono iliniwasha. Thelathini na tatu na saba ni arobaini kamili. Nilisaini palepale, na mzee alinisomea tena kila kifungu. Kifungu changu cha kanisa dereva alikikubali kabla sijakitaja. Mmoja wa wachezaji wake alikuwa anasali jengo la jirani na kanisa letu.

Kumwambia Mwalimu ndiyo ilikuwa kazi. Nilimwalika nyumbani tena. Mwenzangu alikuwa jikoni anakaanga mandazi ya iliki. Nilimweleza yote, habari ya kima cha chini, habari ya beki na watoto wake, na kwamba nimeshasaini. Aliangalia mikono yake. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno mengine aliponishika mkono.

"Nilikupata kwa pointi moja," alisema. "Tayari nilikuwa nimepata zaidi ya haki yangu." Kisha akaanza kucheka. "Ila nimerudi palepale. Nina hamsini na tisa, nimebakiwa na pointi moja, na goli liko tupu."

Mwenzangu alitokea mlangoni na kijiko cha kuchujia mafuta mkononi. Hakuwa amesikia Kiingereza chote vizuri kwa ajili ya mlio wa mafuta, akaniuliza kwa Kiswahili, "Hiyo pointi moja si ndiyo ya mtu asiyejua kitu?"

Nikamjibu kwamba ndiyo.

"Basi mwambie mimi sijui kitu kabisa."

Nilidhani ananitania. Lakini aliweka kijiko mezani, akafuta mikono, akamsogelea Mwalimu na kumwambia yeye mwenyewe, kwa Kiingereza cha hospitali, kwamba amekaa msimu mzima kwenye viti vya baridi akijua makosa yote niliyofanya, na angependa kuona kama yeye atayafanya pia. Mwalimu alimtazama kuanzia juu hadi chini kama mtu anayepima pedi. Kisha akaniuliza kama rafiki yangu amewahi kucheza mchezo wowote. Mwenzangu alisema ana wadogo zake sita, wote wavulana, na hakuna kitu hawakumrushia.

Mkataba wake ulisainiwa Ijumaa iliyofuata. Kifungu alichoomba ni kwamba asipangwe asubuhi anayotoka zamu ya usiku, na mzee wa mikataba alikifurahia sana. Alisema wachezaji wa kulipwa wangelipa fedha nyingi kupata mtu anayejua kuomba kitu kidogo na cha maana namna ile. Kilemba cha mwenzangu kilipata nafasi ndani ya helmeti bila tatizo. Mimi ndiye niliyekwenda naye saa za umma kumfundisha kukunja magoti, na alishikilia pengwini mbele ya watoto wa watu bila haya hata kidogo.

Timu zetu zilikutana mapema msimu huu. Asubuhi ile tulipanda teksi moja na mabegi mawili, na dereva wa teksi, Mganda, alituuliza tunahamia wapi. Uwanjani tulisimama kwenye ncha mbili za barafu tukitazamana. Kabla ya filimbi alinipungia mkono kwa ile glavu kubwa, nami nikampungia. Watu wakacheka.

Wote wawili tulifungwa. Yeye alifungwa akianguka upande uleule kila mara, na kila akianguka nilisikia kicheko chake kikija kuvuka uwanja mzima. Mimi nilizuia visahani vingi na vingine vikanipita, kwa sababu Mwalimu anajua udhaifu wangu wote na hakunihurumia hata kidogo. Muda ulipokaribia kwisha tulikuwa sawa. Ndipo kisahani kikamwangukia nahodha wetu, dereva wa mashine, ambaye katika misimu yote aliyocheza hakuwa amewahi kufunga. Alikwenda nacho kichwa chini, akitazama miguu, kosa lilelile alilonikataza. Akapiga. Mwenzangu alinyoosha mguu, kisahani kikagonga pedi yake, kikapanda hewani, kikamdondokea mgongoni na kuteleza taratibu hadi wavuni.

Hatukuwa tumewahi kushinda. Wapishi na vinyozi walimrukia dereva hadi wote wakaanguka. Mimi nilifika wa mwisho kwa ajili ya magodoro yangu. Mzee wa mikataba alikuwa amesimama juu ya kiti, mtu wa umri wake. Mwenzangu alivua helmeti, akaja akiteleza polepole, akampa dereva mkono wa pongezi.

Saa za umma zilikuwa zimekaribia, na watoto walikuwa wamejipanga langoni na viatu vya kukodi. Kwa hiyo mfungaji wa bao letu ilimbidi apande mashine yake na kwenda kulainisha barafu, bado amevaa jezi yenye jasho. Tulijipanga kando ya kioo, timu zote mbili, tukimpigia makofi kila alipopita. Barafu ilikuwa imeshang'aa, lakini alizunguka tena mara moja zaidi, na hakuna aliyemwambia asimame.

Mwenzangu alikuwa ameniegemea, pedi kwa pedi, akipumua kwa nguvu.

"Huyu ana pointi ngapi?" aliniuliza.

"Mbili."

Alimtazama dereva akikata kona ya mwisho, mkono mmoja juu. "Mwakani watampandisha," alisema. "Na mimi nitasema nilimchangia."